Kufuata Mbio za Farasi za Ubingwa Ukiwa Nakuru: Mwongozo Kamili wa Shabiki

Kentucky Derby ya Marekani hukimbiwa kwa dakika mbili tu, na kwetu sisi wa Nakuru dakika hizo huangukia saa nane kasoro za usiku wa kuamkia Jumapili, wakati hata mbwa wa Section 58 wamechoka kubweka. Mara ya kwanza nilikesha na simu mkononi, farasi wakafyatuka langoni kama siafu waliomwagiwa maji, nami nikamshangilia mmoja hadi kona ya mwisho ndipo nikagundua si yule niliyemkusudia. Kofia za wapandaji zilifanana. Asubuhi nilipoulizwa nimeona nini, sikuwa na la kusema zaidi ya jina la mshindi, na hilo hata aliyelala fofofo alilijua.

Miaka ya kukesha hivyo imenifundisha kwamba mchezo huu haufuatwi kama ligi ya mpira. Hauna jedwali, wala timu ya kurithi kwa baba. Anayefuata mbio moja baada ya nyingine huchoka kabla ya Juni. Anayefuata farasi wachache kwa majina yao, tangu wakiwa wadogo mpaka siku ya kustaafu, huyo hubaki. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hilo. Unachohitaji ni daftari, bando dogo na usingizi wa kukopa.

Hatua ya 1: Jua unamtazama farasi gani, na ana umri gani

Ukienda Khayega au Malinya kule Kakamega siku ya kupiganisha mafahali, utakuta wazee wanaomjua fahali, baba yake, na boma alikozaliwa. Mbio hizi ziko hivyo hivyo, ila ukoo wa farasi umeandikwa kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 200. Farasi wanaokimbia huitwa thorabredi, na kila dume wao duniani, ukifuata upande wa baba, unarudi kwa mmoja wa madume watatu walioletwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ile ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huna haja ya kukariri nasaba. Lakini jina la baba litakusaidia kukisia kama mwana atamudu mita 2,400 au ataishiwa pumzi kwenye 1,600.

Kubwa zaidi ni umri. Mbio nyingi zinazoitwa Derby ni za farasi wa miaka 3 tu. Farasi hupata nafasi hiyo mara moja maishani. Akikohoa wiki ile, basi, imepita. Na umri hauhesabiwi kwa siku ya kuzaliwa. Huko Ulaya na Marekani farasi wote huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, na Australia ni tarehe 1 Agosti. Ndiyo maana aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei huhesabiwa rika moja, ingawa mmoja ana miezi minne ya ziada ya mifupa na misuli. Ukiona farasi mdogo wa umbo anashindwa Machi, usimfute. Huenda Septemba akawa mwingine kabisa.

Derby ya kwanza ilikimbiwa Epsom, Uingereza, mwaka 1780, na nchi nyingi ziliiga, Kenya ikiwamo. Mpangilio wa Waingereza una mbio tatu kwa rika hilo: Guineas ya maili moja, Derby ya takriban mita 2,400, na St Leger iliyo ndefu kuliko zote. Marekani wana tatu zao: Kentucky Derby, Preakness na Belmont, zote ndani ya wiki tano. Kuzishinda zote tatu ni kazi. Kuanzia Sir Barton mwaka 1919 hadi Justify mwaka 2018, waliofaulu ni 13 tu.

Kuhusu madaraja, kumbuka mawili. Mbio nyingi za daraja la kwanza huwapa farasi uzito ulio sawa kulingana na umri na jinsia, kwa hiyo aliye bora ana haki ya kushinda. Za mizani ni tofauti: farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili dhaifu wamkaribie. Melbourne Cup ni ya mizani, na ndiyo sababu matokeo yake huwashangaza watu kila mara.

Hatua ya 2: Jaza kalenda kwa saa zetu

Hapa ndipo wengi hukosea. Mitandao huandika saa za New York au London, nawe unaamka saa kumi alfajiri ukakuta watu wameshakunywa shampeni. Marekani mashariki wako nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Uingereza ni saa 2 kiangazi, saa 3 baridi. Sisi saa zetu hazihami. Saa ninazotaja hapa husogea kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakikisha siku moja kabla.

Mwaka unaanza kwa urahisi. Saudi Cup hukimbiwa Riyadh mwezi Februari, na Riyadh iko kwenye saa ile ile ya Nairobi. Ilianza mwaka 2020, ina mita 1,800 juu ya udongo, na zawadi yake ya dola milioni 20 ndiyo iliyoifanya kuwa mbio tajiri kuliko zote duniani. Inafuata Dubai World Cup, kwa kawaida Jumamosi ya mwisho ya Machi, kwenye uwanja wa Meydan. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo unaitazama usiku mapema ukila chakula. Mshindi wa kwanza, mwaka 1996, alikuwa Cigar kutoka Marekani.

Jumamosi ya kwanza ya Mei ni Kentucky Derby pale Churchill Downs, Louisville. Hiyo ndiyo ya kukesha. Imekimbiwa kila mwaka tangu 1875, na kuna jambo ambalo watu wetu wangependa kulijua: katika mbio ile ya kwanza wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa Waafrika wa Marekani, akiwamo mshindi, Oliver Lewis, juu ya farasi Aristides. Isaac Murphy, mwana wa mtumwa, aliishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Kisha ubaguzi ukawasukuma nje ya kazi ambayo wao ndio walioijenga. Wiki mbili baada ya Derby inakuja Preakness, na wiki tatu baadaye Belmont.

Juni ni ya Waingereza na saa zake ni za kistaarabu. Derby ya Epsom huwa Jumamosi ya kwanza, alasiri kwao, kwetu jioni. Katikati ya mwezi ni Royal Ascot, siku tano mfululizo kuanzia Jumanne. Mimi Ascot huwa sitazami zote. Kofia ni nyingi kuliko farasi.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni Prix de l'Arc de Triomphe pale Longchamp, Paris, mita 2,400 juu ya nyasi. Ukiniambia nichague mbio moja tu kwa mwaka, nitachagua hii. Farasi wa miaka 3 hukutana na wakubwa wao, na Wajapani wamekuwa wakiisaka kwa miaka mingi kwa uchungu unaofanana na wa Harambee Stars na Kombe la Dunia. Huanguka kama saa kumi na moja jioni kwetu.

Mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba ni Breeders' Cup, siku mbili za mbio 14 za ubingwa Marekani; ilianza mwaka 1984, na uwanja hubadilishwa. Ile kuu, Classic, hutukuta usiku wa manane. Melbourne Cup ndiyo ya kufurahisha wafanyakazi: Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa moja kamili asubuhi kwetu, mita 3,200, farasi hadi 24. Unaitazama ukinywa chai kabla ya kupanda matatu ya kwenda mjini. Mwaka 2015 Michelle Payne alikuwa mwanamke wa kwanza kuishinda, juu ya Prince of Penzance aliyekuwa na odi, yaani kiwango cha malipo ya kamari, za 100 kwa 1. Japan Cup hufunga mwezi huo Jumapili asubuhi, kama saa tatu na nusu au zaidi kidogo. Wa kanisani, misa ya kwanza itabidi.

Hatua ya 3: Chagua farasi watano, usizidishe

Mchagua jembe si mkulima, lakini hapa kuchagua ndiyo kazi. Weka majina matano kwenye daftari mwezi Februari au Machi, kila mmoja ukurasa wake.

Wawili wawe wa miaka 3 wanaoelekea Kentucky. Wanaingia kwa pointi zinazokusanywa kwenye mbio za maandalizi kama Florida Derby, Santa Anita Derby, Louisiana Derby na Blue Grass, na nafasi langoni hazizidi 20. Tazama mbio hizo za Machi na Aprili, ni fupi, na marudio yake huwekwa bure kwenye YouTube na viwanja vyenyewe. Mmoja awe wa Ulaya, na huyo mtafute kwenye 2000 Guineas ya Newmarket au Dante ya York mwezi Mei.

Wawili waliobaki wawe wakubwa, na hapa nina ushauri ambao nilichelewa kuujua. Madume nyota wa Ulaya na Marekani hawadumu. Wakishinda mbio tatu nne kubwa, thamani yao ya kupandisha inapita zawadi yoyote, wanapelekwa shambani kuzalisha. Flightline alishinda Breeders' Cup Classic ya 2022 kwa urefu wa farasi nane na robo, ikawa mbio yake ya sita na ushindi wa sita, kisha akastaafu. Nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili tu. Kwa hiyo mchukue aliyehasiwa au jike. Hong Kong ni nzuri kwa hili kwa sababu huko hawazalishi, karibu farasi wote wamehasiwa, na hukimbia miaka na miaka. Romantic Warrior alishinda Hong Kong Cup mwaka 2022, 2023 na 2024, na akaenda kupigana ng'ambo pia. Mbio za Hong Kong za Jumapili hutukuta asubuhi, na za Jumatano usiku pale Happy Valley hutukuta alasiri. Kuhusu majike, soma habari za Winx wa Australia, aliyeshinda mbio 33 mfululizo hadi kustaafu mwaka 2019, na Zenyatta, aliyeshinda 19 kati ya 20. Ile moja aliyoshindwa ilikuwa kwa kichwa tu, katika Breeders' Cup Classic ya 2010, baada ya kuanza wa mwisho kabisa. Itazame. Mimi hadi leo naitazama nikidhani safari hii atamfikia.

Kwenye kila ukurasa andika tarehe, uwanja, umbali, nyasi au udongo, hali ya uwanja, nafasi aliyomaliza, na sentensi moja ya kile ulichokiona wewe. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo mali. Matokeo yako kwenye mtandao milele. Macho yako hayako.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mbio bila kuogopa

Karatasi ya mbio inatisha kama fomu ya KRA, ila ukiizoea inasomeka kwa dakika tano. Chukua mfano wa Kiingereza. Pembeni ya jina la farasi utaona tarakimu, tuseme 41-3120. Ya kulia kabisa ndiyo mbio yake ya karibuni. Kistari hutenganisha msimu uliopita na huu. Kwa hiyo huyu mwaka jana alimaliza wa nne kisha akashinda; mwaka huu akawa wa tatu, wa kwanza, wa pili, na mara ya mwisho sifuri, maana yake alimaliza wa kumi au nyuma zaidi. Wengi hapo humtupa. Wewe rudi uangalie sifuri hiyo ilitoka wapi. Labda alipandishwa daraja. Labda mvua ilinyesha na miguu yake haipendi tope. Labda alizibwa njia kwenye kona. Kurasa za Marekani hupanga tofauti: kila mbio mstari wake, ya karibuni ikiwa juu.

Herufi C huonyesha amewahi kushinda kwenye uwanja huo, D umbali huo, na CD vyote viwili katika mbio moja. Namba ya farasi na namba ya lango ni vitu viwili; usivichanganye. Lango la ndani ni njia fupi, lakini katika mbio ya farasi 20 wa ndani wanaweza kubanwa kwenye uzio kama abiria wa nyuma kwenye Nissan.

Uzito huandikwa kwa ratili au kilo. Kentucky Derby dume hubeba ratili 126, kama kilo 57, na jike ratili 121. Pamoja na nafuu hiyo, majike watatu tu ndio walioishinda: Regret mwaka 1915, Genuine Risk mwaka 1980 na Winning Colors mwaka 1988.

Hali ya uwanja usiiruke. Nyasi za Ulaya zinaweza kuwa ngumu, nzuri, laini au nzito, na farasi mmoja huweza kuonekana bingwa Juni na punda Oktoba kwa sababu ya mvua tu. Mkulima yeyote wa Njoro aliyewahi kupita shambani baada ya mvua ya Aprili ananielewa.

Hatua ya 5: Tazama hizo dakika mbili mara tatu

Mara ya kwanza itazame kwa furaha tu. Kwenye simu ndogo, tumia rangi. Marekani kitambaa cha chini ya tandiko kina rangi inayofuata namba: 1 nyekundu, 2 nyeupe, 3 bluu, 4 njano, 5 kijani, 6 nyeusi. Ulaya utategemea fulana ya joki, yaani mpandaji, ambayo rangi zake ni za mmiliki wa farasi. Bluu tupu ya Godolphin na kijani chenye mshipi wa waridi na mikono myeupe ya Juddmonte utazizoea upesi. Mmiliki akiwa na farasi wawili, hutofautishwa kwa kofia, na hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Mara ya pili tazama mwendo wa mwanzo. Sisi wa Bonde la Ufa tumelelewa na jambo hili. David Rudisha alipoongoza tangu mwanzo London mwaka 2012 na kumaliza kwa 1:40.91, kila mtu Iten alijua kwamba kuongoza hivyo ni kwa mwenye mapafu yake tu. Farasi ni vivyo hivyo. Katika Kentucky Derby ya 2022 robo maili ya kwanza ilikwenda kwa sekunde 21.78, ya kasi kuliko zote katika historia ya mbio hiyo. Waliokuwa mbele wakaishiwa pumzi, na Rich Strike, aliyeingizwa siku moja tu kabla baada ya mwingine kujiondoa, akapenya kando ya uzio akitoka nyuma kabisa, akashinda kwa odi za 80 kwa 1. Watu walisema bahati. Aliyetazama saa hakushangaa sana.

Kinyume chake ni Secretariat mwaka 1973. Kwenye Derby yake kila robo maili aliikimbia kwa kasi zaidi ya iliyotangulia, jambo ambalo hata binadamu hulikuta gumu, na akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 59 na mbili za tano. Wiki tano baadaye akashinda Belmont kwa urefu wa farasi 31. Urefu mmoja ni karibu mita 2.4, kwa hiyo mpinzani wa karibu alikuwa nyuma kama mita 75. Kamera ilibidi irudi nyuma kumtafuta.

Mara ya tatu tazama farasi wako peke yake, hata kama alikuwa wa tisa. Je, alitoka langoni vizuri? Alikimbia nje ya kona, akaongeza mita zisizohesabiwa? Joki alikuwa akimchapa mapema, au alikuwa bado ameshika hatamu? Alivuka mstari akiwa bado anakaza mwendo? Huyo wa mwisho mwandikie nyota.

Na usifunge daftari mpaka matokeo yathibitishwe. Mwaka 2019 Maximum Security alivuka wa kwanza Kentucky, lakini waamuzi walikaa zaidi ya dakika 20 wakamwondoa kwa kuziba wengine, ushindi ukaenda kwa Country House. Medina Spirit wa 2021 alinyang'anywa miezi mingi baadaye kwa sababu ya dawa iliyopatikana mwilini.

Kuna siku utaona farasi akivunjika mguu na pazia likiinuliwa kumsitiri. Hutokea, na hakuna njia ya kulisema hilo kwa upole. Rafiki yangu mmoja aliacha kutazama siku hiyo hiyo na sikumlaumu. Ninachofanya mimi ni kutomfuata mkufunzi ambaye farasi wake huumia mara kwa mara. Hilo pia huandikwa daftarini.

Hatua ya 6: Pesa

Nitasema kwa ufupi. Wale farasi wanaokimbia kila baada ya dakika chache kwenye skrini za maduka ya kamari mjini si farasi. Ni picha za kompyuta, matokeo yanachaguliwa na programu. Huwezi kusoma umbo la kitu kisicho na miguu.

Kwenye mbio halisi, odi za 5 kwa 1 maana yake shilingi moja inakuletea faida ya tano, na yako unarudishiwa. Kwa mfumo wa tote, pesa za wote hutiwa chungu kimoja, mwenye uwanja hukata yake, salio hugawanywa kwa walioshinda. Ndiyo maana odi hubadilika hadi lango linapofunguka. Mwaka wa kwanza cheza kwa kalamu: andika chaguo lako na sababu kabla ya mbio, kisha hesabu mwisho wa mwezi ungekuwa umepoteza ngapi. Mimi nilianza na pesa, na Jumapili moja nilitia nauli ya kurudi Nakuru juu ya farasi wa kijivu mrembo. Bado anakimbia, nadhani.

Hatua ya 7: Nenda Ngong ukamwone mwenyewe

Simu haitakuonyesha ukubwa wa farasi wala kukusikilizisha kishindo cha kwato. Uwanja wa Ngong, ulioko barabara ya Ngong jijini Nairobi, umekuwa ukitumika tangu 1954, na Jockey Club of Kenya ndiyo inayoendesha mbio, kwa kawaida Jumapili. Kenya Derby na mbio nyingine za rika la miaka 3 huwa nusu ya kwanza ya mwaka. Tarehe na karatasi za mbio hutangazwa kwenye mitandao yao. Zitazame kabla ya kutoka, kwa sababu si kila Jumapili kuna mbio, na uwanja huo huo hutumika kwa mambo mengine, pamoja na maonyesho ya magari ya kifahari. Nimewahi kusafiri kilomita 160 nikaishia kuangalia pikipiki zilizopigwa rangi.

Usidhani mchezo huu ni wa Nairobi tu. Huko Eldoret kuna wadi inayoitwa Racecourse hadi leo. Na Njoro, mwendo mfupi kutoka mjini Nakuru, ndiko Beryl Markham alikolelewa kwenye shamba la baba yake aliyekuwa mkufunzi wa farasi. Alipata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, wakati ambapo wanawake hawakupewa, na farasi wake walishinda Kenya Derby mara kadhaa. Dunia inamjua zaidi kwa kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka 1936, lakini farasi walitangulia, na ndio aliowarudia.

Jina lingine la kuulizia ukifika ni la majoki waliotawala karatasi za Ngong kwa miaka mingi, kama Lesley Sercombe na James Muhindi. Na ukijiuliza kwa nini bingwa wa Ngong haonekani Dubai, sababu kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi. Nchi nyingi huogopa kupokea farasi kutoka huku, hivyo wetu hubaki nyumbani.

Toka Nakuru asubuhi mapema. Safari ni saa mbili na nusu hadi tatu kama malori ya Kinungi yatakuhurumia. Ukishuka katikati ya jiji, tafuta magari namba 111 yanayokwenda Ngong na umwambie kondakta akushushe Racecourse. Beba kofia na sweta. Hali ya hewa ya huko hubadilika mara mbili kabla ya mbio ya nne.

Ukifika, usikimbilie jukwaani. Simama kwenye paredi, pale farasi wanapozungushwa kabla ya kupandwa. Hapo nilipata somo la bure kutoka kwa mzee mmoja sais, mtunza farasi, aliyekuwa amemaliza zamu yake.

"Mzee, shikamoo. Huyu wa pili si mzuri?"

"Marahaba. Mzuri wa nini? Wewe unaangalia uso kama unaoa. Angalia matako na hatua."

Akanionyesha. Farasi aliye tayari hutembea kwa kulegea, na mguu wa nyuma hukanyaga mbele ya alama ya ule wa mbele. Manyoya hung'aa. Masikio husogea, hayalali nyuma. Jasho jepesi shingoni si kitu siku ya joto, ila povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma ni dalili kwamba mbio ameshaikimbia kichwani. Nyama za nyuma, pale nguvu inapotoka, ziwe zimejaa na mstari uonekane kati ya msuli na msuli. Ukitoka hapo, shuka uzioni karibu na mita 200 za mwisho, kwani jukwaani utaona mshindi, lakini uzioni utasikia pumzi.

Mbio moja itazame paredi, inayofuata itazame uzioni, ukibadilishana hivyo. Kabla ya mbio ya mwisho anza kujipanga, maana magari ya kurudi Nakuru Jumapili jioni hujaa na nauli hupanda. Kaa dirishani, toa daftari, andika kila kitu kabla ya Rironi. Baada ya hapo dereva huzima taa za ndani na mwandiko wako hutausoma kesho.